Tablo ya gari imekunjika juu ya jua: namna ya kuitengeneza hapa Kindu, na fasi moja ya kutogusa

Ukipita saa sita ya mchana karibu na mto Lualaba, upande wa Kasuku, fasi gari zinangojea kuvuka kwenda Alunguli, chungulia kidogo ndani ya vioo. Hapa kwetu gari si nyingi kama pikipiki na baiskeli, na zile ziko, nyingi zimekwisha kuzeeka. Utaona tablo, ile sehemu ya mbele kati ya usukani na parabrizi, haiko tena kama ilivyotoka kiwandani. Ngozi yake imenyanyuka pembeni na kujikunja. Ingine imepasuka katikati, na muse ya manjano inaonekana ndani. Ingine, mwenyewe ameifunika na kitambaa ili abiria wasione.

Watu wengi wanasema ile ni mambo ya urembo tu, gari inatembea, basi. Kwa upande mmoja ni kweli. Lakini kuna sababu tatu za kuizungumzia. Ya kwanza, tablo mpya haipatikani hapa Kindu. Ni kuitafuta Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi, na barabara zetu munazijua. Ya pili, kazi hii fundi wetu wa hapa anaweza kuifanya vizuri na vifaa vya soko, akiifuata kwa mpango. Ya tatu ndiyo kubwa: chini ya ile ngozi kuna kitu kinachoweza kuokoa abiria ao kumuumiza, na fundi asiyejua anaweza kukifunga na kole bila kufikiri.

Kwa nini tablo inakunjika

Adui wa kwanza ni jua likipitia kioo. Mwangaza unaingia kwa parabrizi, unapiga tablo, tablo inapata moto, na ule moto hauna njia ya kutoka kwa sababu vioo vimefungwa. Mwaka 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Arizona na California, kule Marekani, walitoa matokeo ya kupima gari zilizosimama juani muda wa saa moja. Hewa ndani ya gari ilifika karibu digri 47. Usukani ulifika karibu digri 53. Tablo ndiyo iliyopita zote: karibu digri 69. Kwa gari zilizosimama kivulini, tablo ilifika karibu digri 48 tu. Tofauti ya kivuli na jua ni digri 20 na zaidi.

Arizona ni jangwa, na Kindu si jangwa. Lakini sisi tuko karibu sana na mstari wa ikweta, kama digri tatu tu upande wa kusini. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwezi wa tatu na mwanzoni mwa mwezi wa kumi, jua la saa sita linasimama sawasawa juu ya kichwa. Tena sisi tuna kitu ambacho jangwa halina: unyevu. Asubuhi mvua, mchana jua kali, usiku ukungu wa mto. Kitu kinachopanuka na kukauka, kinalowa na kukauka tena, kila siku, miaka 20, lazima kitachoka.

Adui wa pili ni barabara. Gari inayokwenda Kasongo ao Kalima inatikisika siku nzima. Visi zinalegea, plastiki ya chini inapasuka, na ngozi iliyoanza kunyanyuka kidogo inapata nguvu ya kunyanyuka zaidi.

Kwanza jua tablo yako ni ya nini

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Sisi tunaita kila kitu «ngozi», lakini ngozi ya kweli ya ng'ombe inapatikana hasa kwenye gari za bei kubwa. Tablo nyingi ni za aina mbili zingine: skai, yaani plastiki laini iliyobandikwa juu ya muse, ao plastiki ngumu isiyofunikwa na kitu.

Kupima ni rahisi. Tafuta pembe iliyonyanyuka, uangalie upande wa chini. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi kama za nyama kavu. Skai ina kitambaa chembamba ao muse iliyoshikamana. Njia ingine: tia tone moja la maji fasi isiyoonekana. Ngozi isiyopakwa rangi nzito itakunywa yale maji polepole na kuwa nyeusi kidogo. Skai haikunywi, tone linabaki juu.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa kazi. Ngozi ya kweli inakunjika kwa sababu imekauka. Ukiirudishia unyevu kwa kiasi, inaweza kulainika na kulala tena. Skai ni mambo mengine. Kiwandani walichanganya ndani ya plastiki dawa ya kuilainisha. Moto unaitoa ile dawa kidogo kidogo. Umekwisha kuona ule ukungu wa mafuta unaoshika parabrizi kwa ndani, unaupangusa na kesho unarudi? Sehemu yake kubwa ni ile dawa inayokimbia kutoka kwa tablo. Ikikwisha, skai inakuwa ngumu, inajivuta, inapasuka. Hakuna mafuta ya kuirudisha.

Basi, ndugu mwenye gari, mtu akikuambia ana mafuta ya kuponya skai iliyopasuka, chunga franka zako.

Mbele ya kugusa: batri

Fundi mwenye haraka anaanza na turnevisi. Fundi mwenye akili anaanza na batri. Zima gari, ondoa funguo, kisha toa waya wa batri wa upande wa kutoa, ule wenye alama ya –. Halafu ngoja dakika 10 mbele ya kufungua kitu chochote. Sababu ni kwamba mfumo wa mfuko wa hewa, ule watu wanaita erbagi, unabakisha umeme kidogo ndani yake hata batri ikitolewa. Umeme ule unahitaji muda kwa kuisha.

Kwenye gari nyingi za Japani, waya na vichwa vya erbagi vina rangi ya manjano. Ukiona manjano chini ya tablo, usipime na taa ya majaribio, usikate, usiunganishe kitu cha radio hapo.

Kama ngozi imenyanyuka pembeni tu

Hii ni kazi ndogo, mtu mwenye subira anaiweza.

Kwa ngozi ya kweli: pangusa vumbi lote kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini. Halafu chukua kitambaa safi, kilowe kwa maji ya vuguvugu, ukikamue sana, ukiweke juu ya ile sehemu iliyokunjika, nusu saa ao zaidi. Ngozi itaanza kutii vidole. Usitumie maji ya moto mkali, na usiweke pasi. Ngozi yenye maji ikipata moto mwingi inajikunja kabisa na hairudi tena. Ikisha kulainika, ilaze polepole, weka juu yake ubao mdogo wenye kufungwa na kitambaa, na juu ya ubao mfuko wa mchanga. Acha ikauke kivulini siku moja ao mbili. Ni pale tu ikiwa kavu ndipo unatia kole chini yake.

Kwa skai ambayo bado ni laini: maji hayasaidii. Hapa ni moto mdogo. Mashine ya kukausha nywele ya saluni inatosha, kwa mwenye grupu ao umeme wa jua wenye nguvu. Ishike mbali, kama urefu wa kiganja, na uitembeze bila kusimama fasi moja. Skai ikilegea, ilaze na mkono. Kama inatoa sauti ya kuvunjika ukiikunja, acha. Hiyo imekwisha kufa, ni ya kubadilisha.

Angalia: kazi hii ya moto haifanyiki juu ya erbagi wala karibu yake. Tutaeleza hapa chini.

Juu ya kole: ile ya kawaida ya fundi wa viatu, ya kupaka pande mbili, inashika vizuri mkononi, lakini nyingi zinaanza kulegea moto ukifika digri 60 ao 70. Tumeona hapo juu tablo inafika ngapi. Ndiyo sababu kazi nyingi zinapendeza juma la kwanza, na mwezi wa pili ngozi imenyanyuka tena. Uliza kole ya kuvumilia moto, ile wanayotumia kwa kubandika kitambaa cha dari ya gari. Soma kwenye mkebe: kama hawaandiki digri, usiiamini kwa tablo.

Kama ni ya kubadilisha yote

Hapa tafuta watu wawili: fundi wa garaje kwa kutoa tablo, na mshonaji wa viti ao fundi wa viatu mwenye mkono mzuri kwa kufunika. Kazi inakwenda hivi.

1. Piga picha na telefone kila hatua ya kufungua. Kila kikundi cha visi kiweke ndani ya karatasi yake na uandike zimetoka wapi. Gari nyingi zinatoka garaje na visi tano zimebaki mkononi mwa fundi, na tablo inaanza kulia barabarani.

2. Toa skai ya zamani polepole bila kuipasua, kwa sababu ndiyo itakuwa kipimo cha kukatia mpya. Hata ikitoka vipande, panga vipande juu ya gazeti na uchore.

3. Sugua muse na papye ya msasa mpaka iwe sawasawa. Mashimo jaza na muse ingine, kata na wembe, sugua tena. Kila kilima kidogo unachoacha kitaonekana juu ya skai.

4. Nunua skai yenye kitambaa cha kuvutika upande wa chini. Mara nyingi roli ina upana wa karibu metre 1 na santimetre 40. Kwa gari ndogo, metre moja na nusu ao mbili zinatosha. Chagua rangi nyeusi ao kijivu isiyong'aa. Skai nyeupe ao yenye kung'aa inapendeza garajeni, lakini barabarani inajionyesha ndani ya parabrizi kama kioo, na shofere haoni vizuri mtu anayevuka.

5. Paka kole pande mbili, ngoja mpaka ukiigusa haishiki kidole, dakika 10 mpaka 15 hivi. Halafu anza katikati ukienda pembeni, ukisukuma hewa na kiganja. Fasi zenye bonde, bonyeza skai iingie ndani ya bonde. Usiivute juu kama ngoma. Skai iliyovutwa sana juu ya bonde itaachia siku ya kwanza ya jua kali, na utaona puto.

6. Acha saa 24 mbele ya kurudisha tablo ndani ya gari. Kagua pia mpira wa parabrizi. Kama mvua inaingia pale, kazi yako yote itaoza kutoka chini.

Fasi ya kutogusa

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Angalia tablo mbele ya kiti cha abiria. Kwa gari zenye usukani kuume, zile za Japani zinazopitia Dar es Salaam ao Mombasa, ni upande wa kushoto. Ukisoma pale herufi SRS ao neno AIRBAG, ujue chini yake kuna mfuko uliokunjwa. Gari ikigonga kwa nguvu, mfuko ule unatoka na kujaa kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Kwa kutoka, unapasua kifuniko. Kifuniko kile kimetengenezwa kiwandani kiwe dhaifu kwenye mstari fulani, ili kifunguke kwa upande unaotakiwa.

Fundi akipitisha skai mpya juu ya kile kifuniko, na kole chini, mlango umefungwa. Siku ya ajali mfuko unaweza kuchelewa, ao kutoka upande mbaya, ao kurusha kipande cha plastiki usoni kwa abiria. Kwa hiyo kanuni ni moja: kifuniko cha erbagi hakifunikwi, hakisuguliwi, hakipashwi moto, hakitobolewi. Skai inaishia pembeni yake. Kama rangi hazifanani, basi zisifanane. Kwenye tablo zingine kifuniko hakionekani, kimefichwa chini ya ngozi moja na tablo nzima. Hiyo usiruhusu ifunikwe sehemu ile. Tengeneza pembe zingine na uiache.

Kuna jambo lingine, na ni la gari za zamani kama zetu. Kampuni ya Japani jina lake Takata ilikuwa inatengenezea viwanda vingi mashine ya kujaza ule mfuko: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW na wengine. Ndani ya mashine ile kulikuwa dawa ya kulipuka ambayo, ikikaa miaka mingi katika moto na unyevu, inaharibika. Ikilipuka, inalipuka kupita kiasi, inapasua chuma, na vipande vinaruka kama risasi. Zaidi ya watu 30 wamekufa duniani, wengi wao Marekani. Mashine karibu milioni 100 ziliitishwa zibadilishwe, na Takata ilifilisika mwaka 2017. Miaka, moto, unyevu: ni vitu vitatu ambavyo gari ya Kindu inavyo vyote.

Hatusemi kila gari ina ile mashine. Tunasema unaweza kujua. Namba ya chasi iko kwenye karatasi za gari na kwenye kibati ndani ya gari. Viwanda vikubwa vina ukurasa kwenye intaneti wa kuingiza namba ile na kuona kama gari iliitishwa. Kama hauna intaneti nyumbani, muombe kijana wa jirani akusaidie, ni dakika chache. Kama gari imo, usimwachie fundi wa mtaani afungue erbagi yenyewe, na usimpandishe mtu kiti cha mbele upande ule kama unaweza kuepuka. Mtoto, kwa gari yoyote, akae nyuma.

Jambo la mwisho kwa fundi: usiwashe gari wakati kichwa cha manjano hakijarudishwa. Unganisha vyote kwanza, halafu batri. Taa ya erbagi ikibaki inawaka usoni mwa shofere, kuna kitu hakikurudi sawa. Usitoe ile taa ili mwenye gari asione. Kufanya hivyo ni kumdanganya mtu juu ya maisha yake.

Kuilinda isirudi tena

Dawa ya bure ni kivuli. Muembe mmoja unaweza kupunguza moto wa tablo kwa digri 20, na haukuombi franka, labda tu kuchunga embe zisianguke juu ya kioo. Hakuna mti? Geuza gari, mgongo uangalie jua. Hakuna namna ya kugeuza? Weka karto ndani ya parabrizi, ile tu ya sanduku la sabuni, imekatwa kwa kipimo cha kioo. Acha vioo wazi kidogo, upana wa kidole kimoja, kama hakuna mvua.

Usipake mawese. Inang'aa siku mbili, halafu inakamata vumbi la barabara na kunuka. Usipake mazuti wala maji ya breki, vinakula plastiki na rangi. Kwa skai, kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha. Kwa ngozi ya kweli, mafuta maalum ya ngozi, kidogo sana, mara chache kwa mwaka.

Na siku ya kupatana bei na fundi, usiulize tu ni franka ngapi. Uliza maswali matatu: kole yako inavumilia digri ngapi? Skai yako inavutika? Na kifuniko cha erbagi utakifanya nini? Akijibu la tatu kwamba atakifunika ili ipendeze, mshukuru, chukua funguo zako, uende kwa mwingine.

Mafundi wa hapa wanajua kazi. Gari ambazo mahali pengine zingetupwa, hapa bado zinapeleka wagonjwa hospitali na muhogo sokoni. Tunaomba tu pale wanaporudisha sura ya gari, wasifunge mlango wa kuokoka. Kama kuna fundi mwenye njia yake nzuri ya kulaza ngozi, apite kwenye radio. Tutaiongeza hapa.